Kompyuta inaujuaje mchanga wa Kitangari?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nyumbani kwetu ni Kitangari, Newala. Nimeendesha modeli ya hali ya hewa iitwayo WRF kwa msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, eneo la Mtwara na Lindi, nimeligawa katika visanduku vya kilomita 9. Nimeiendesha mara tatu, na kila kitu ni kilekile isipokuwa modeli ya ardhi, yaani sehemu inayohesabu joto na maji ya udongo na mimea: kwanza ule mfumo wa zamani wa tabaka tano za joto, kisha Noah, kisha Noah-MP. Majibu yamenichanganya. Februari, joto la mchana la Noah limepita la Noah-MP kwa nyuzi mbili na zaidi kule juu uwandani Makonde. Mvua za alasiri nazo zimehama: moja inanyeshea Newala, nyingine inanyeshea Masasi. Nilipomsimulia baba, ambaye analima korosho na mbaazi, akaniuliza: "Hiyo kompyuta inaujuaje mchanga wetu?" Sikuwa na jibu. Kwa nini zinatofautiana hivi, na nichague ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la mzee, maana lako limo ndani yake.

Kompyuta haiujui mchanga wenu, imesimuliwa tu. Ulipoandaa eneo lako, programu ilichukua ramani mbili. Moja ni ya udongo, na kwa upande wetu wa dunia, usipoibadilisha wewe mwenyewe, inatokana na ramani ya FAO ambayo kila kipande chake ni kama kilomita 9 kwa 9. Nyingine ni ya uoto, iliyotengenezwa kwa picha za satelaiti. Kutoka ramani hizo Kitangari ikapewa namba mbili, ya udongo na ya uoto. Modeli ikafungua jedwali, ikatafuta namba zile, ikasoma yaliyoandikwa mbele yake: udongo huu unashika maji kiasi gani na unayaachia kwa kasi gani, mizizi inafika wapi, majani ni mengi kiasi gani mwezi huu, ardhi inarudisha angani sehemu gani ya mwanga wa jua, miti inauzuia upepo kiasi gani. Hayo ndiyo yote inayoyajua kuhusu shamba la baba yako.

Na katika jedwali hilo mkorosho haumo. Kuna msitu wa majani mapana usiopukutika, kuna savana, savana yenye miti mingi, mashamba, vichaka. Shamba la mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12, katikati yake mbaazi au ardhi iliyopaliliwa, ramani moja italiita savana, nyingine mashamba, nyingine italiunganisha na vichaka vya jirani. Kila jina lina mizizi yake na majani yake. Katika Noah, kwa mfano, udongo una tabaka nne zenye unene wa sentimita 10, 30, 60 na 100, jumla mita 2. Msitu hupewa mizizi katika tabaka zote nne. Savana na mashamba hupewa tatu tu, yaani mwisho wa mizizi ni mita 1. Fungua jedwali lako la uoto ulione hilo kwa macho yako kabla hujasoma mstari mwingine wa ramani zako za mvua.

Utasema mita 1 au 2 ni jambo dogo. Hebu tupige hesabu ya siku moja ya Februari isiyo na mvua. Toa mwanga uliorudishwa angani, toa mionzi ya joto ambayo ardhi yenyewe inaitoa, tuseme kila mita ya mraba imebakiwa na megajuli 12 kwa siku nzima. Kuvukiza kilo moja ya maji kunahitaji karibu megajuli 2.45, na kilo moja ya maji ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba ni milimita 1. Kwa hiyo nishati yote ikitumika kuvukiza, ardhi inapoteza karibu milimita 5 kwa siku na hewa inabaki na nafuu. Maji yakikosekana, nishati ileile inabaki na kazi moja tu: kuichoma ardhi, na ardhi kuichoma hewa iliyo juu yake.

Mchanga wa aina ya kwenu unashika maji yanayofaa mimea kiasi cha milimita 70 kwa kila mita ya kina, wakati udongo wenye mfinyanzi wa kutosha unaweza kushika mara mbili ya hapo. Sentimita 10 za juu, basi, zina milimita 7. Hizo ni akiba ya siku moja na nusu. Mizizi ya mita 1 ina wiki mbili. Mizizi ya mita 2 ina wiki nne. Uhalisia ni mlegevu zaidi ya hesabu hii, kwa sababu mmea huanza kubana matumizi kabla maji hayajakwisha, lakini mpangilio ni huohuo. Na wewe mtoto wa Newala unajua kwamba mvua ya Februari inaweza kukatika wiki mbili au tatu kisha ikarudi. Mstari mmoja wa jedwali, kati ya tabaka tatu na nne, ndio unaoamua kama kisanduku cha Kitangari kitakauka katikati ya kipindi hicho au kitafika salama mvua ikirudi.

Mwaka mmoja nilikuwa Newala mwezi huohuo, siku ya tisa bila tone. Mwenyeji wangu alichimba shimo kwa jembe katikati ya safu mbili za mikorosho, kwa sababu nilimwomba. Juu mchanga ulikuwa umepauka, unapita vidoleni kama sembe. Nilipoingiza mkono hadi kiwiko ukawa mwekundu na wa baridi. Tulipofika kina cha kiuno, niliuchota konzi moja nikaubana, nikafungua kiganja, ukabaki umeshikana na alama za vidole vyangu juu yake. Mikorosho ilikuwa kijani kibichi, wakati nyasi za pembeni ya njia zilikuwa zimelala. Mzizi mkuu wa mkorosho hushuka mita kadhaa. Modeli yetu, hata mizizi ikipewa tabaka zote nne, inaishia mita 2, chini kidogo tu ya pale nilipokuwa nimesimama.

Sasa tuje kwenye zile tatu zako.

Mfumo wa tabaka tano uweke kando. Unafuatilia joto la udongo, lakini maji yake hauyahesabu: kila aina ya uoto imepewa kiwango kimoja cha unyevu, na kiwango hicho hubadilika kwa majira mawili tu, ya joto na ya baridi, yaliyofikiriwa na watu wa nchi za theluji. Mvua inyeshe milimita 80 usiku, au ikatike mwezi mzima, asubuhi ardhi ni ileile. Kwa utabiri wa saa 24 ungeweza kuvumilia. Kwa msimu wa Novemba hadi Aprili, ambapo kisa chenyewe ni ardhi kulowa na kukauka, hauna unachoweza kukufundisha. Hata Syukuro Manabe mwaka 1969, mtu aliyekuja kupata Nobel ya fizikia mwaka 2021, alikuwa ameshaipa ardhi ndoo: ndoo ya sentimita 15 za maji, mvua inaijaza, jua linaipunguza, ikijaa inamwagika na huo ndio mto. Ikiwa imejaa robo tatu na kuendelea, ardhi inavukiza kwa nguvu zote. Chini ya hapo inapunguza. Hicho ni kitu rahisi sana, lakini ndoo ya Manabe inaijua Februari, na mfumo wa tabaka tano hauijui.

Noah na Noah-MP zina undugu, lakini zinaishi tofauti. Noah inaona uso mmoja tu: majani na udongo vimechanganywa, vina joto moja. Vitundu vya majani inavifungua na kuvifunga kwa kuzidisha vizuizi, yaani mwanga, joto, ukavu wa hewa, unyevu wa udongo. Noah-MP inayaweka majani mahali pake na udongo mahali pake, kivuli kinahesabiwa, uwazi kati ya taji za miti unaweza kuhesabiwa, na kwa kawaida vitundu vya majani hufuata usanisinuru. Kwa nchi ya miti iliyoachana kama mikorosho, hilo ni jambo la maana. Toka nje saa saba mchana ukanyage njia ya mchanga bila viatu, kisha ingia chini ya mkorosho. Noah haiwezi kuona hatua hizo mbili kuwa ni ardhi mbili. Noah-MP inaweza.

Ila kabla hujafurahi na ule ubaridi wa Noah-MP, angalia jambo moja ambalo wengi hawaliangalii. Noah-MP si modeli moja. Ni rundo la machaguo, na mojawapo ni namna ya kushughulikia maji yanayotiririka na maji ya ardhini. Ukichagua ile yenye hifadhi ya maji chini ya tabaka nne, modeli ikianza kazi bila kupewa taarifa nyingine huweka usawa wa maji hayo karibu mita 2 na nusu kutoka juu. Kila mahali. Bondeni Lukuledi, pwani Mikindani, na juu uwandani Newala vilevile.

Mita 2 na nusu, Newala! Kila mama aliyewahi kuteremka bondeni na ndoo alfajiri, akapanda nayo kichwani, anajua maji ya uwanda ule yako wapi. Uwanda unakaribia mita 900 upande wa Newala, mchanga wake unayameza maji yote, juu hakuna mto wala kijito, na ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Modeli haijui historia hiyo. Inayaweka maji chini ya miguu yenu, na Februari ikiwa kavu maji hayo yanapanda taratibu, yanailowesha tabaka ya nne kisha ya tatu, mizizi inakunywa, joto linashuka.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba Noah-MP imekupa joto la Februari lililo karibu na ukweli kwa sababu isiyo ya kweli. Ukweli wa pale ni mizizi mirefu katika mchanga mkavukavu unaohifadhi unyevu chini. Modeli imeweka mizizi mifupi juu ya maji ya kubuni. Jibu la mwezi mmoja linafanana. Mwaka wa mvua haba majibu hayatafanana, na wewe hutajua kwa nini. Noah nayo imekosea kwa njia ya wazi zaidi: mizizi ya mita 1, maji yamekwisha, joto limepanda. Binafsi kosa ninaloliona linanitisha kidogo kuliko kosa lililojificha ndani ya jibu zuri.

Na kumbuka, Noah na Noah-MP zimesoma ramani zilezile. Siku zikikubaliana, usichukulie kwamba zimethibitishana. Mashahidi wawili waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Kuhusu mvua iliyohama, hapa pana mambo mawili yanayovutana, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Ardhi ikilowa, inatoa mvuke mwingi, hewa ya chini inajaa unyevu, tako la wingu linashuka, na wingu linapata urahisi wa kuwa mvua. Kwa njia hiyo mvua inazaa mvua. Ardhi ikikauka, hewa juu yake inapata joto zaidi, inapanda juu zaidi, na hewa ya jirani inaingia kujaza nafasi. Pale penye mpaka kati ya kikavu na kibichi panatokea mkutano wa pepo, na wingu linaweza kuanzia hapohapo. Kwa njia hiyo ukavu unaita mvua. Mwaka 2012 Christopher Taylor na wenzake walionyesha kwa data za satelaiti kwamba mvua za alasiri huelekea kuangukia udongo uliokauka kuliko majirani zake, na dalili hiyo ilikuwa na nguvu zaidi katika nchi kame kama Sahel. Miaka mitatu kabla, Cathy Hohenegger na wenzake waliendesha modeli juu ya milima ya Alps kwa visanduku vikubwa na vidogo. Vile vikubwa, ambavyo mawingu ya radi yanakisiwa kwa kanuni, vilisema ardhi mbichi huongeza mvua. Vile vya kilomita 2.2, ambavyo mawingu yanajiinua yenyewe ndani ya modeli, vilisema kinyume. Ardhi ni ileile, jibu limegeuka.

Weka hayo kwenye nchi yetu. Asubuhi upepo wa umande unavuma kutoka bara kwenda baharini, wavuvi wa Msimbati wanautumia kutokea. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko bahari na upepo unageuka, unaingia ndani, na Januari na Februari unaungana na kaskazi. Unafika kwenye kingo za uwanda wa Makonde, unasukumwa juu. Uwanda ukiwa mkavu na wenye joto kama katika Noah yako, mvutano wa bahari na bara unakuwa mkubwa, upepo unaingia mbali zaidi. Ukiwa mbichi kama katika Noah-MP, mvutano unalegea, ila hewa ya uwandani ina unyevu mwingi zaidi. Wingu la alasiri litazaliwa Newala au litasukumwa hadi bondeni kwa Masasi kutegemea ni lipi kati ya hayo limeshinda siku hiyo. Hujaniambia ni modeli ipi iliyonyeshea wapi, na sihitaji kujua ili nikuambie hili: kwa visanduku vya kilomita 9 usiiamini mvua kuhukumu ardhi. Kwa ukubwa huo kanuni ya kukisia mawingu ina sauti kubwa kuliko mchanga. Tia eneo dogo lenye visanduku vya kilomita 3 ndani ya lile la visanduku vya 9, izime kanuni ya mawingu humo, uone kama mvua bado inahama.

Kosa la vijana wengi, nami nililifanya nikiwa na umri wako, ni kuchukua ramani ya mvua, kuilinganisha na CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayotumia satelaiti, au na vipimo vya vituo, na kusema modeli ya ardhi iliyokaribia zaidi ndiyo bora. Mvua ipo mwisho wa mnyororo mrefu, na makosa mawili njiani yanaweza kufutana. Anza mwanzo wa mnyororo. Joto la uso wa ardhi unalipata kwa satelaiti ya Aqua, kifaa cha MODIS, kwa vipande vya kilomita 1, ambayo kwa miaka mingi ilipita karibu saa saba na nusu mchana, wakati ambapo tofauti ya kikavu na kibichi imefika kileleni. Chukua siku zisizo na mawingu za Februari, linganisha na joto la uso katika modeli saa hiyohiyo. Usichukue joto la hewa la mita 2 kwa kazi hiyo, ni kitu kingine. Kisha angalia kasi ya kukauka: baada ya mvua kubwa, joto hilo linapanda kwa siku ngapi hadi litulie? Kama kwa satelaiti ni siku kumi na kwa modeli ni nne, umelipata kosa lako, na liko kwenye mizizi au kwenye udongo.

Unyevu wa udongo nao upo, satelaiti ya SMAP inaupima tangu 2015, lakini inaona sentimita 5 za juu tu, na hizo kwenye mchanga wenu ni habari ya jana. Halafu usilinganishe namba tupu. Unyevu wa 0.15 katika modeli moja unaweza kuwa ukame, katika nyingine ukawa shibe, kwa sababu kila modeli ina kikomo chake cha kunyauka na kikomo chake cha kushiba. Igeuze iwe sehemu kati ya vikomo hivyo viwili ndipo ulinganishe. Kwa sababu hiyohiyo usichukue unyevu kutoka modeli ya dunia nzima ukautia katika modeli yako tarehe 1 Novemba ukategemea siku hiyohiyo mambo yawe sawa. Anza mwaka mzima nyuma, iache ardhi ipite masika moja na kiangazi kimoja, itulie yenyewe. Sisi wa kusini tuna bahati kidogo: kiangazi chetu kirefu, Mei hadi Oktoba, kinafuta makosa mengi ya tabaka za juu. Ya chini hayafutiki upesi.

Umeanza Novemba, kwa hiyo kuna jambo la miombo pia. Kuanzia Nachingwea kwenda Liwale, miti ya miombo huchipua Septemba na Oktoba, wiki kadhaa kabla ya mvua, majani mekundu kwanza halafu kijani, ikitumia maji iliyoyahifadhi. Ukiwasha chaguo la modeli kukuza majani yenyewe, yenye kungoja udongo ulowe, Oktoba yako itakuwa ya miti mitupu, na hewa inayoingia Novemba itakuwa kavu kuliko ilivyo. Tumia majani yaliyopimwa kwa satelaiti mwezi kwa mwezi.

Ipo miezi ambayo haya yote yana uzito mdogo kwa mvua. Kusi ikishika, Juni na Julai, hata ardhi ingelowa hakuna mawingu ya kuitikia. Kimbunga kikiwa baharini nacho hakisikilizi mchanga wa mtu: Kenneth mwaka 2019, ambacho Mtwara ilishapewa tahadhari yake kisha kikaingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, kiliongozwa na bahari na pepo za juu. Lakini mvua ikishashuka, ardhi inarudi na nguvu zake. Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tarehe 4 Mei 2024 na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika Kilwa, swali la maji mangapi yatazama na mangapi yatatiririka lilikuwa la modeli ya ardhi moja kwa moja. Tarehe hizo ni mwisho wa msimu, udongo una akiba ya miezi mitano. Modeli iliyoanza na udongo mkavu ingelimeza furiko lile.

Ukija kufanya kazi ya miaka 30 badala ya msimu mmoja, hasa swali la miombo kugeuka mashamba ya korosho na ufuta, uwe mwangalifu mara mbili. Mwaka 2009 Andy Pitman na wenzake walichapisha matokeo ya modeli saba za tabianchi zilizopewa badiliko lilelile la uoto. Majibu ya majira ya joto hayakukubaliana, na sababu zilikuwa hizihizi: kila moja ilivyoitafsiri ramani, ilivyopanga majani ya mazao, mwanga iliourudisha angani, maji iliyovukiza. Ukiniletea modeli moja inayosema kukata miombo ya Nachingwea kunapunguza mvua kwa kiasi fulani, nitakuuliza umeijaribu na ardhi ngapi. Nachingwea yenyewe imeshaumizwa na watu waliousoma udongo kwa haraka. Ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na Wakefield mwaka 1946, kutafuta ardhi ya kulima karanga, ulizunguka Tanganyika wiki chache tu, sehemu kubwa kwa ndege, na mwaka 1951 Mpango wa Karanga ulikuwa umeshakufa, huko Kongwa udongo ukigeuka mgumu kama tofali wakati wa kuvuna.

Basi, nichague ipi, unaniuliza. Chagua Noah-MP, kwa sababu inatenganisha jani na udongo na kwa mikorosho hilo halina mbadala. Lakini badili mambo matatu. Kwenye uwanda, acha chaguo la hifadhi ya maji ya ardhini, tumia lile ambalo maji yanazama na kwenda zake. Tengeneza upya ramani ya uoto kwa wilaya za Newala na Tandahimba kutokana na ramani mpya za satelaiti za mita 10, na mahali penye mikorosho ya kutosha ongeza mizizi ifike tabaka ya nne. Badala ya udongo wa FAO weka SoilGrids, yenye vipande vya mita 250. Usibadili yote kwa mpigo. Endesha mara nne, badiliko moja kila mara na la mwisho yote pamoja, ili ujue kila nyuzi moja ya joto imetoka wapi. Noah iweke kwenye tasnifu pia, pembeni, ili msomaji aone upana wa majibu. Usiifiche kwa sababu imekosea.

Na ukienda likizo Februari, muombe mzee akuchimbie shimo katikati ya safu, siku ya saba au ya nane bila mvua. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10, 50, 100 na 200, kila mmoja kwenye mfuko wake wa nailoni uliofungwa vizuri, upime uzito siku hiyohiyo, uukaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Hizo namba nne ndizo utakazompelekea baba yako kama jibu. Nami nitumie nakala, pamoja na jedwali la uoto ulilotumia, tuone tabaka ya nne ilikuwa na nini.